Tano Toa Nane

Katika chuo cha ualimu walimwita Sifuri, kwa sababu hakuwahi kuanza kipindi bila kueleza sifuri ilitoka wapi. Wakufunzi wenzake walimcheka: hesabu ni kukokotoa, hadithi awapelekee wajukuu. Yeye wala! Kila mwaka aliwaambia wanachuo wake neno lile lile: mwache mtoto akosee pale pale walipokosea wataalamu wa kale, alale na kosa lake, kesho ndipo umwonyeshe njia.

Asubuhi hiyo alikuwa amejibana nyuma ya darasa la shule ya msingi, magoti juu, kwenye dawati la watoto. Ubavuni mwake alikaa mtahini kutoka makao makuu. Mbele alisimama binti, mwanachuo aliyeyashika maneno yake kuliko wote. Alishaanguka mara moja kwenye mazoezi ya kufundisha. Akianguka tena, ualimu ndiyo basi.

Binti aliandika ubaoni: tano toa nane.

"Haiwezekani!" darasa likapaza sauti.

Akaliandika jibu lao kama lilivyo. Kisha akawasimulia kwamba walikuwako watu wazima, vichwa hasa, waliobishana karne kwa karne kuwa nambari iliyo chini ya sifuri ni upuuzi mtupu, na huku kwingineko wenzao wakizitumia bila wasiwasi. "Leo tuwatetee hao wabishi. Nani ataanza?"

Akasimama kisichana kimoja chenye mdomo wa cherehani. "Mwalimu, viti viko vitano. Utatoaje vinane? Hivyo vitatu utaiba kwa jirani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mikono ikajaa hewani, kila mmoja akitaka kusema. Sifuri alisahau hata yuko na nani. Alifurahi kama aliyepata mtoto. Kengele ikalia. "Kesho tutawapinga," binti akawaambia, na ubaoni pakabaki lile lile, haiwezekani.

Mtahini alingoja watoto na binti watoke. "Mzee, hawa wameondoka na kosa. Kesho mimi sipo, napima nilichokiona." Akamgeukia Sifuri. "Au ndivyo mnavyowafundisha chuoni? Kama ni nyinyi, niambie. Nitawabana nyinyi, binti apewe nafasi ya kurudia."

Mkataba wa Sifuri ulikuwa unaisha mwezi ule, na mtahini huyo ndiye mwenye neno la mwisho. Alfajiri mama watoto alikuwa amemfunga vifungo vya shati akimwambia, "Baba, leo uchunge mdomo wako. Tutakula nini?" Angeweza kusema neno moja tu, ndiyo. Lakini woga ni kitu cha aibu, na yeye alikuwa nao tele.

"Hapana," alisema. "Kajitungia mwenyewe."

"Basi kajimaliza mwenyewe," mtahini akasema, akaandika, akamsogezea fomu asaini. Sifuri akasaini.

Binti alikuwa akimsubiri nje ukutani, chaki mpaka kwenye nyusi, akicheka peke yake. "Mwalimu, umewaona? Umemwona yule wa viti?"

"Nimemwona, mwanangu."

"Mimi sijali alama atakazonipa. Ila akikuuliza haya nimeyatoa wapi, usijifiche kama kawaida yako. Mwambie ni wewe. Nataka na wao wakujue."

"Ameshauliza," Sifuri akasema. "Nimemwambia."

Binti akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru.