Likizo ya Tufani

Jumanne saa nne na robo asubuhi, fundi wa meno ya bandia alikuwa anakwangua nta kwenye taya la chini la mwalimu mstaafu, farasi akapiga chafya sebuleni. Mwalimu, aliyekuwa ameketi pembeni akilisubiri taya lake, alisema "Afya" kwa ufizi mtupu, kisha akarudi kwenye gazeti.

Fundi aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda kutazama. Picha ya babu yake ilikuwa mahali pake, juu ya kabati la vyombo, ila haikuwa na kioo. Kioo kilivunjwa Jumapili na kaka yake, ambaye nyumba nzima inamwita Bwana Haraka na ambaye hajawahi kufuta vumbi bila kuangusha kitu. Kioo kipya kilikuwa kwa seremala na kingekuwa tayari kesho, lakini kesho za seremala yule zilikuwa na kawaida ya kuchukua wiki.

Kwenye picha walikuwamo watatu. Kulia alisimama bwana mwenye farasi, kofia nyeupe kichwani, kikombe cha fedha mkononi. Katikati alikuwa Tufani, farasi aliyeshinda mbio kubwa za mwaka ule. Kushoto, akiwa ameishika kamba ya Tufani karibu kabisa na taya, alikuwa babu: saisi, yaani mtunza farasi, umri miaka thelathini na mmoja, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu haina viatu.

"Mjukuu wangu," alisema babu, "hebu niletee maji. Nimesimama hapa tangu saa nne."

Fundi, ambaye alikuwa na miaka hamsini na minane na hakuwa ameitwa mjukuu siku nyingi, alileta maji kwenye bilauri, akamnywesha, maana mikono ya babu ilikuwa na kazi. Akamwambia atoke apumzike kidogo. Babu akatikisa kichwa. Kamba ya farasi haiachwi, alisema. Haifungwi kwenye kiti wala haiwekwi chini hata kidogo. Inatoka mkono wa mtu na kuingia mkono wa mtu, na wote wawili wanasema maneno yake, farasi asikie.

Basi akaitwa Bwana Haraka. Alipanda kwenye stuli, akapitisha mguu mmoja, akajigonga kichwa kwenye fremu, akaingia.

"Mkono wangu umetoka," alisema babu.

"Mkono wangu umeingia," alisema Bwana Haraka, na hapo babu akaruka chini zuliani, akajinyoosha mgongo mpaka ukalia.

Mzee, baba yao fundi na Haraka, alikuwa kwenye kiti chake chini ya dirisha. Alikuwa na miaka tisini na moja. Daktari alikuwa amekwisha kusema, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha, kwamba moyo umechoka na wasihesabu miezi, wahesabu wiki. Mzee hakuwahi kumwona baba yake isipokuwa kwenye picha ile, na kila asubuhi tangu ajue kusema aliiamkia. Leo pia akaamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," alijibu yule kijana. "Umekua!"

"Nimekuzidi miaka sitini."

"Naona. Mimi siku ya picha hii niliambiwa umezaliwa jana yake." Babu akachuchumaa mbele ya kiti. "Nikaomba siku saba nije kukuona. Bwana akasema, shika farasi kwanza tupige picha, hayo mengine tutaongea."

Hayakuongelewa. Siku ya tatu baada ya picha babu alikufa kwa teke, huko huko zizini. Familia siku zote iliamini teke lilikuwa la Tufani, na fundi alipolitaja jambo hilo babu alichukizwa kweli kweli. Ni farasi mwingine, alisema. Tufani ana adabu zake.

Kisha akamshika mwanawe kidevu, akamfungua mdomo, akamkagua meno ya juu na ya chini kama alivyozoea kukagua kila kiumbe. Akauliza nani kayatengeneza. Mzee, mdomo wazi, akamwonyesha fundi kwa kidole. Babu akasema ni kazi safi, na fundi, ambaye wateja wake humlalamikia tu, alifurahi siku nzima.

Lakini Tufani alimvumilia mgeni kwa muda wa kumaliza ndoo moja ya pumba tu. Dakika ya ishirini alipiga kwato, vikombe kabatini vikagongana, na Bwana Haraka akapiga kelele kwamba yeye si wa kufia kwenye picha. Babu akarudi, maneno yakasemwa, Haraka akatoka akiwa wa kahawia mwili mzima, nywele hata macho, kama picha yenyewe. Rangi ile ilikaa mpaka jioni. Yeye ni muuzaji wa rangi za nyumba, na mchana ule wateja wawili waliuliza kama rangi hiyo ipo kwenye makopo ya lita nne.

Wakapanga zamu. Ndoo moja asubuhi, ndoo moja alasiri, zaidi ya hapo Tufani hakukubali. Fundi aliingia, Haraka aliingia, hata jirani yao nesi aliingia mara moja, akasema huko ndani hali ya hewa ni nzuri ila bwana mwenye kikombe hajibu salamu. Babu na Mzee wakapata dakika zao ishirini, mara mbili kwa siku. Walikaa wameshikana mikono. Babu alimfundisha mwanawe kupiga mluzi wa kumfanya farasi anywe maji, na Mzee akamweleza babu habari za mama yake, alivyokuwa akiimba akipepeta, alivyokataa kuolewa tena. Kila walipofika patamu, kwato zikalia.

"Hivi vipande vipande sivitaki," alisema Mzee siku ya nne. "Aliomba siku saba. Mimi nazitaka siku saba zangu."

Babu alieleza utaratibu. Saisi akipewa likizo rasmi, chama cha mbio kinaleta saisi mwingine na farasi anasomewa ruhusa. Tufani akisomewa ruhusa anatulia hata mwaka. Pasipo ruhusa haelewi. Fundi akavaa gauni lake la kwendea ofisini, akaenda.

Chama cha mbio za farasi bado kilikuwa na jengo lake, ngazi zake zilizosuguliwa na karani wake wa kumbukumbu, mtu mpole mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini. Alisikiliza habari yote akitikisa kichwa pale panapostahili.

"Mwombaji bado yuko kazini?" aliuliza.

"Yuko kazini. Hajaachia kamba."

"Vizuri sana. Wengi huwa wameacha." Akaenda kwenye makabati, akarudi na faili nene kama mto wa kulalia. "Tufani huyu hapa. Kuzaliwa kwake. Meno yake. Kikohozi cha mwaka ule wa mvua. Viatu, jozi kwa jozi. Kufa kwake, na barua za rambirambi, kumi na nne." Akaenda tena, akakawia, akarudi mikono mitupu. "Mwombaji hana faili."

"Alifanya kazi hapa miaka kumi na miwili."

"Sikatai, mama. Picha ninayo hata mimi, ile pale ukutani. Lakini likizo huandikwa kwenye faili, na faili hufunguliwa siku ya kwanza ya kazi. Siku ile imeshapita." Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na fundi aliona kuwa ni ya kweli, ndiyo maana hakupata pa kumkasirikia. Karani akafunua faili la Tufani kurasa za mwisho, uso ukamng'aa. "Lakini tazama. Farasi ana siku arobaini za mapumziko ambazo hakuzitumia. Alikufa nazo. Hizi naweza kuziidhinisha leo leo."

Fundi alifikiri haraka. Farasi akipumzika, saisi naye atapumzika. Akasema sawa, mwandikie farasi. Karani akaandika, akagonga muhuri, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Barua waliisoma wote nyumbani, fundi kwa sauti, Haraka kwa kuchungulia begani. Tufani alipewa siku arobaini kuanzia Jumatatu, kwenye malisho ya chama, nyanda za juu, mwendo wa siku mbili. Kwa kuwa farasi hasafiri peke yake, ataambatana na saisi wake, ambaye atamlisha, atamwogesha na kumlinda muda wote wa mapumziko. Hakuna mwingine atakayehitajika.

"Hii si likizo," alisema Haraka. "Hii ni kazi ya mbali."

Fundi alikaa chini palepale kwenye stuli. Alikuwa amekwenda kuomba siku saba, na amerudi akiwa amemnyang'anya baba yake hata zile dakika ishirini. Aliona uchungu, akausema: alisema yeye ni mjinga, na alilia mbele ya kaka yake na mbele ya farasi. Babu, kamba mkononi, alimwambia asilie, kwamba malisho yale anayajua na yana kivuli. Kisha akamtazama mwanawe.

Jumapili alasiri Mzee aliomba koti lake na kofia. Akaomba anyolewe ndevu. Fundi akamnyoa, akamtia meno, akamuuliza anataka kwenda wapi na miguu ile.

"Kazini na baba," alisema Mzee. "Wenzangu wote walikwenda kazini na baba zao, japo mara moja. Mimi zamu yangu imechelewa tu."

Wakamwinua wawili, fundi mkono wa kulia na Haraka wa kushoto, kidogo kidogo, na safari hii Haraka hakuangusha kitu. Mzee akaingia. Tufani aligeuza shingo, akamnusa kofia, akamnusa kiganja, akanyamaza. Ndoo ya pumba iliwekwa na haikuguswa. Mzee akaishika kamba chini ya mkono wa baba yake.

"Mkono wangu umeingia," alisema.

Babu alipaswa kusema kwamba wake umetoka. Hakusema hivyo. Alisogea tu kidogo kumpa nafasi, na wakasimama wote wawili, kamba moja, mpaka giza lilipoingia sebuleni. Huko kwao ilikuwa bado saa nne asubuhi.

Jumatatu karani alifika mwenyewe, maana safari ya farasi lazima ishuhudiwe. Alikaribishwa chai akakataa, alikuwa na fomu. Akashusha miwani ya kipajini juu ya ile ya puani, akaisogelea picha, akahesabu kwa kalamu.

"Mbona kwenye kamba wako wawili?"

"Yule mzee ni baba yangu," alisema fundi. "Anafuatana na baba yake."

"Ana faili kwetu?"

"Hana."

"Basi hakuna tatizo," alisema karani, akashusha pumzi.

Fundi akamwomba aandike majina yao. Alimtajia yote mawili, la babu na la Mzee, polepole, kama mtu anayeagiza dawa. Karani akaigeuza fomu ili naye aione, akiwa na nia njema kabisa. Palikuwa na nafasi ya jina la farasi, rangi yake, urefu wake, hali ya meno, hali ya kwato. Chini kabisa palikuwa na neno *saisi* na kisanduku cha tarakimu moja. Karani akaandika mbili.

"Hapa huwa tunaandika moja," alisema. "Nimewaongezea."

Fundi alikasirika hadi masikio yakawaka, na hakuwa na mahali pa kuyaandika majina yale yeye mwenyewe. Akasimama na kaka yake mbele ya kabati. Ndani ya picha babu alipiga mluzi, Mzee akaudakia, na Tufani akaanza kwenda, wao wawili pembeni yake, kijana akipunguza hatua ili mwanawe asiachwe. Mzee aliinua kofia. Wakaupita ukingo wa fremu, mkia ukafuata, akabaki bwana mwenye kikombe akitazama mbele.

Karani akagonga muhuri juu ya kabati, akakunja fomu, akampa fundi mkono.

"Usiwe na wasiwasi, mama," alisema kwa upole. "Siku arobaini si nyingi. Atarudi amenona." Alikuwa anamsema farasi.