Chumba cha Ndani cha Bi Kulthum

Rayhana ana ugonjwa wake, na Malindi nzima yaujua: akiona nyumba inabomoka, wenzake wakikimbia yeye anatoa kamera. Mashua zilizooza ufukweni, hoteli zilizohamwa Watamu, mitambo ya chumvi iliyoliwa na kutu kule Gongoni, zote amezipiga. Mamake humwambia, "Wenzio wapiga picha maharusi, wewe wapiga maiti za nyumba! Nani atakuoa?" Rayhana hucheka tu.

Siku moja ugonjwa huo ukampatia kazi. Bi Kulthum, mjane wa mji wa kale ambaye miguu haimbebi tena na sasa anakaa kwa mwanawe Watamu, alimwita akamwambia, "Mwanangu, nyumba yangu ya Malindi imeuzwa, na wiki hii inavunjwa. Nenda ukanipigie yote. Usiache kitu." Hakusema zaidi. Watu wa pwani nao! La moyoni hulizunguka mpaka likapoa.

Rayhana akaenda. Akapiga mlango wa nakshi, daka la kupokelea wageni, ngazi, ua, hata choo. Mwisho akafika kwenye chumba cha ndani, kile cha nyuma kabisa kisicho na dirisha, ambamo wanawake hujifungua na maiti huoshwa. Mlango ulikuwa na komeo. Akalishika, akaliachia. Amelelewa akijua kwamba ndani kwa watu hakuingiwi bila kukaribishwa, sembuse na kamera. Akarudi kwao roho safi, akijisifu kimoyomoyo kwa adabu zake.

Adabu hiyo! Laiti angekuwa mtovu wa haya siku hiyo moja tu.

Kesho yake alimpelekea Bi Kulthum picha. Bibi akazipitia moja moja, akafika mwisho, akaanza tena.

"Na ndani?" akauliza.

"Niliona haya kuingia, bibi. Ni chumba cha watu."

Machozi yakaanza kumtiririka Bi Kulthum bila sauti.

"Mazin alifia humo," akasema. "Kifungua mimba wangu, hata siku arubaini hakufika. Mimi niko kitandani na homa ya uzazi, kuketi siwezi. Yeye wamemlaza ukuta wa pili, kwa mkunga. Namsikia analia. Nikanyoosha mkono, sikumfikia. Alikuwa mbali, Rayhana, mbali! Mpaka akanyamaza. Toka hapo sikukanyaga tena chumba kile, nikataka kifungwe. Picha yake sina hata moja. Nilitaka kupaona alipolala, basi."

Rayhana alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata chai hakuingoja. Alirudi Malindi kwa bodaboda, akimwomba Mungu mafundi wawe wavivu. Wapi! Alikuta ghorofa ya juu imeshashuka na mtaa mzima umejaa vumbi. Jefwa, msimamizi wa wavunjaji, akamzuia mlangoni.

"Dada, huko hakuendeki. Boriti zaning'inia."

"Kaka, nakusihi. Picha moja tu. Kuna mtoto alifia humo, na mamake yu hai."

Jefwa akamtazama. Akawapigia wenzake mbinja, nyundo zikatulia. "Haya, twende pamoja. Ukiangukiwa nitaulizwa mimi."

Dari ya chumba ilikuwa imekwisha kuondoka. Jua, ambalo halikupata kuingia humo tangu nyumba ijengwe, lilikuwa limejaa tele, na chokaa ya kuta iling'aa mpaka macho yakauma. Rayhana akainua kamera. Papo hapo ukuta ukalia. Jefwa akaruka katikati ya chumba, kwa mkono mmoja akauzuia ukuta huu, kwa wa pili ukuta ule.

"Piga!"

Akapiga. "Sasa toka kwenye picha!"

"Wewe ndiye utoke!" Jefwa akamkwida mkono, akamvuta mpaka uani, na chumba kikaporomoka nyuma yao.

Ikawa picha hiyo moja basi, na katikati yake limesimama jitu zima, vumbi mpaka kwenye kope. Njia nzima ya Watamu Rayhana alikuwa akiona aibu. Ameombwa mahali alipolala mtoto, anapeleka mvunja nyumba!

"Nisamehe, bibi," akasema akimpa kamera. "Fundi ameniharibia."

Bi Kulthum akaisogeza karibu na macho. Kisha akaweka kidole kwenye kiganja kimoja cha Jefwa. "Hapa ndipo kilipokuwa kitanda changu." Kidole kikapita juu ya kifua cha yule mwanamume, kikafika kwenye kiganja cha pili. "Na hapa walimlaza." Akakirudisha. Akakipeleka tena, polepole, toka ukuta hadi ukuta.

"Mikono miwili ya mtu mmoja," akasema. "Kumbe ndipo hapa tu? Homa ile, wallahi, ilinionyesha uwanja mzima."

Rayhana akapiga magoti kando yake, akamshika bega. Bi Kulthum alikuwa akilia waziwazi sasa, na uso wake umefunguka.

"Nilikuwa nikimwita," akasema. "Usiku kucha nilikuwa nikimwita jina lake. Alinisikia, Rayhana. Lazima alinisikia."