Mazoezi ya Kushindwa

Jezi za marehemu hazikai sawa kwa walio hai. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyezishona na ndiye aliyekuwa akizipanua kila mwaka. Marehemu hawanenepi. Walio hai ndio wanaokula na kukaa vitini, kisha siku ya kumbukumbu ikikaribia wanakuja dukani kwake, wanaingiza matumbo ndani kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti, na kudai kwamba jezi imerudi kwa kufuliwa.

“Haijafuliwa tangu mwaka jana,” Fundi alimwambia Pacha huku akimzungushia futi kamba kiunoni. “Ilikuwa kabatini mwangu. Au siku hizi kabati nalo linafua?”

“Basi ni joto,” alisema Pacha, ambaye alikuwa dereva wa lori na kazi yake ilikuwa kukaa. “Na yako? Mbona sijawahi kukuona ukiipanua?”

“Yangu inanitosha.”

Huo ulikuwa uongo, lakini fundi hajipimi mbele ya mteja.

Pacha aliendelea kuitwa hivyo hata baada ya kubaki peke yake. Mwenzake alikuwa ndani ya ile ndege ndogo pamoja na timu nzima ya mpira wa wavu ya chuo, akiwemo mdogo wake Fundi, na mwalimu wao, siku ilipogonga mlima katikati ya ukungu. Hakutoka mtu. Miaka mingi imepita, na watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao, lakini chuo hakijasahau. Siku ile ikifika, ndugu wa marehemu huvaa jezi zenye namba za watu wao, na kucheza seti moja na timu ya chuo ya mwaka huo.

Na kila mwaka ndugu hushinda.

Mara ya kwanza walidhani ni bahati. Mara ya pili waliona haya kidogo kuwafunga watoto wa watu. Baada ya hapo walizoea, na mtu akishazoea kushinda hana dawa. Mpishi, mzee aliyepika katika jiko la chuo mpaka akastaafu, na ambaye mwanawe ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ile, alikuwa na smashi ambayo kwa maelezo yake mwenyewe haijawahi kurudishwa na binadamu. Alimsimulia kinyozi, akamsimulia daktari wa magoti, na yule daktari akamwandikia dawa nyingine. Mjane wa mwalimu, ambaye ni nesi, alikuwa akiwaonyesha wagonjwa jinsi anavyozuia mpira. Hata Fundi, ambaye hakuwa mwanamke wa kujisifu, wiki hiyo alitembea kifua mbele.

Ila kwake halikuwa suala la kuringa tu. Mdogo wake alikufa kijana, na vijana hawaachi vitu vingi. Viatu viligawiwa, picha zilififia. Kilichobaki ni hii seti moja, yeye Fundi akiwa na namba tisa mgongoni, anatoka jasho mahali pale pale alipotoka jasho yule kijana. Aliona kama wanafanya kitu pamoja. Wengine wana makaburi, yeye alikuwa na huu mchezo.

Siku moja kabla ya mechi alizikunja jezi na kuzipeleka chuoni mwenyewe. Alipofika kwenye ukumbi wa michezo akasikia sauti ya kocha, akasimama dirishani. Hakuwa na nia ya kusikiliza, lakini masikio hayana mlango.

“Kushindwa ovyo anaweza kila mtu,” kocha alikuwa akisema. “Kushindwa vizuri kunataka mazoezi. Mzee mpishi akiruka, na nyie mnaruka, ila mnachelewa kidogo. Nimesema kidogo. Jana mlikuwa mnapunga mikono kama mnafukuza nzi. Tuanze upya.”

Mpira ukarushwa. Vijana warefu, wenye miguu kama ngazi, wakaruka wakachelewa. Mmoja akaanguka na kushika goti.

“Vizuri sana. Lakini usilie. Mwaka juzi mmoja alilia na yule nesi akataka kumfunga bandeji. Haya, yule mama fundi, namba tisa. Sevu yake haifiki. Ikigonga wavu, refa anapuliza filimbi, tunasema wavu umelegea, anarudia. Anarudia mpaka ivuke.”

“Kocha, na akilalamikia wavu tena?” aliuliza nahodha, msichana mwenye nywele fupi.

“Mnamwambia ana haki. Si ndiye aliyefanya tukanunua mpya?”

Walicheka, wala si kwa ubaya. Fundi alijua kwamba si kwa ubaya, na ndiyo maana kicheko kiliuma zaidi. Alikuwa kweli amemfuata mkuu wa chuo mara mbili kuhusu ule wavu. Alikuwa amempigia kelele. Aliziweka jezi mlangoni polepole, akaondoka kabla machozi hayajamfikia.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mpishi. Alimkuta amekaa barazani, suruali imekunjwa, miguu ameiloweka kwenye beseni la maji ya moto, anayaandaa magoti.

“Shikamoo mzee. Tunapigwa changa la macho.”

“Marahaba. Kuhusu mpira?”

Fundi alikuwa amejiandaa kumpa ile habari taratibu, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba. “Unajua?”

“Mwanangu, nina goti moja zima na jicho moja na nusu. Smashi yangu haiui mbu. Unadhani sijui?”

“Na kuringa kote kule? Kinyozi mzima anakusimulia mtaani!”

“Nilikuwa naringa kwa ajili yako. Nilidhani wewe ndiye unayeamini. Ulivyougombania ule wavu, nikasema huyu mtoto asiguswe.”

“Na Pacha?”

“Anajua.”

“Nesi?”

“Nesi ndiye aliyeniambia mimi.”

Fundi alikaa kitako kwenye ngazi. Kwa hiyo mjinga alikuwa mmoja tu katika timu nzima, na namba yake ilikuwa tisa. Wote walimvisha kilemba cha ukoka, na yeye akakifunga vizuri kabisa. Alitaka kukasirika, ila Mpishi alikuwa akikoroga maji kwa vidole vya miguu na ucheshi umemtoka usoni.

“Niliogopa,” alisema mzee. “Nilisema, huyu akijua hatakuja tena. Usipokuja, mimi nitamzungumzia mwanangu na nani? Nyumbani wamechoka. Wananiambia, baba, pumzika.”

Jirani alikuwa akigonga bati juu ya paa lake.

“Nataka tucheze kweli,” alisema Fundi.

“Tutakiona cha mtema kuni.”

“Na tukione. Watu wetu si walikiona kila wiki?”

Mpishi alianza kucheka kabla hajajua kama inafaa. Maana hilo nalo ni jambo ambalo chuo kilikuwa kimelisahau kwa heshima zote. Timu ile ilikuwa mbovu. Ilikuwa mbovu sana. Hata kwenye ile ndege ilipanda kwa sababu timu iliyostahili kwenda mashindanoni ilikuwa na mitihani.

“Waliwahi kushinda?” aliuliza Fundi.

“Mara moja. Wapinzani waliumwa matumbo.”

“Na nani aliwapikia hao wapinzani?”

Mpishi aliitazama miguu yake ndani ya beseni. “Hilo halikuthibitishwa,” alisema.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko akaona sura ya mdogo wake. Si ile ya kwenye picha ya ukumbini, yenye tai. Ilikuwa sura yake mwenyewe. Kijana yule alikuwa hawezi kupiga sevu hata kwa dawa. Kila mpira wake uliishia wavuni, ndiyo maana wakamwita Wavuni. Uwanja mzima ulikuwa ukimzomea kwa jina hilo, “Wavuni, Wavuni,” naye anaweka mkono tumboni na kuinama kama mfalme mbele ya raia wake, mpaka vidole vya mkono mwingine viguse sakafu. Asubuhi ya safari alipitia dukani achukue suruali yake, na dada yake akamwambia, “Jitahidi basi hata mmoja uvuke.” Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Wavuni. Aliitwa marehemu. Aliitwa shujaa. Aliitwa hivyo kwa muda mrefu hivi kwamba hata dada mtu alikuwa ameanza kumwonea haya, kama mgeni wa heshima.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mkuu wa chuo, mtu mwema aliyeletwa miaka michache tu iliyopita, alisoma hotuba yake. Alisema hii ilikuwa timu isiyoshindika. Alisema namba tisa alikuwa na sevu iliyotisha nchi jirani. Mpishi alikohoa. Pacha aliangalia dari. Nesi alimkanyaga Pacha ili asicheke, kisha akalazimika kuuma kitambaa chake mwenyewe.

Timu zilipojipanga, Fundi alikwenda mpaka kwenye wavu, akaushika kwa mkono. Ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Akamwita nahodha wa chuo.

“Shikamoo, mama,” alisema yule msichana.

“Marahaba, mwanangu. Leo msituachie.”

“Hatuwaachii, mama. Huwa mnatuzidi tu.”

“Jana nilikuwa dirishani.”

Msichana akamgeukia kocha, na kocha akatafuta kitu cha kutazama kwenye filimbi iliyokuwa shingoni kwa refa.

“Sikuja kugombana,” alisema Fundi, kwa sauti iliyowafikia wote wawili. “Najua mlifanya kwa upendo. Lakini mdogo wangu alifungwa kila wiki hapa hapa, na hakuna aliyemwonea huruma, na alikuwa na furaha. Mkinihurumia mimi, mnanipokonya yeye. Mkiachia hata mpira mmoja, nitavua hii jezi niende nyumbani, na mwaka kesho msinisubiri.”

Kocha akamsogelea. “Mama, tutawaumiza.”

“Nesi tunaye.”

Basi wakacheza. Msimulizi mwenye adabu angepitisha haraka sehemu hii. Mpira wa kwanza wa chuo ulipita katikati ya Pacha na Nesi, nao wakatazamana wakiulizana ni wa nani. Wa pili ulimkuta Pacha peke yake na hakuwa na wa kumlaumu. Mpishi alipata nafasi ya smashi yake, akaruka kwa kimo cha karatasi, akapiga kwa nguvu zake zote. Nahodha msichana akairudisha kabla mzee hajatua. Ilimgonga begani. Watu ukumbini wakashika vinywa.

“Imerudishwa,” alisema Mpishi, akijisugua bega. Alikuwa akitabasamu kama aliyeokota kitu njiani. “Hatimaye.”

Baada ya hapo hawakupumzishwa. Walikuwa hoi bin taabani, jasho linawatiririka, wanagongana, wanaombana radhi, wanalaumiana kama timu kweli. Vijana nao, walipoona wazee hawavunjiki, wakaacha kuogopa. Wakacheza kwa raha. Walitaka pointi zote. Mpira mmoja ulipowaponyoka wenyewe ukaenda nje, nahodha alipiga sakafu kwa kiganja, amekasirika hasa, na Fundi aliipenda ile hasira kuliko ushindi wote waliowahi kupewa.

Lakini mpira ule ulioenda nje uliwapa ndugu zamu ya kuanzisha, na zamu ilikuwa ya namba tisa. Chuo kilibakiza pointi moja tu kumaliza.

Fundi alisimama nyuma ya mstari na mpira mkononi. Aliutaka uvuke. Tusidanganyane, aliutaka uvuke kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hata mmoja tu, wa kweli, kwa niaba ya yule aliyeambiwa ajitahidi. Alirusha, akapiga.

Mpira ulikwenda vizuri, ukainuka, ukachoka, ukaingia wavuni. Ukateremka upande wake mwenyewe, ukadunda taratibu ukirudi kwake.

Refa, kwa mazoea, alipeleka filimbi mdomoni na kumtazama kocha. Kocha alitikisa kichwa. Filimbi ikalia, pointi ya chuo, seti imekwisha. Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawakujua kama inaruhusiwa. Mkuu wa chuo alisimama nusu, akakaa tena. Fundi aliutazama ule mpira miguuni kwake na uso ukaanza kumlegea.

“Wavuni,” alisema Mpishi.

Alilisema kwa kawaida tu, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Kisha akajaza kifua. “Wavuni!”

Pacha akadakia. Nesi akadakia, na sauti yake ilikuwa imeshakatika kwa kilio. Huko nyuma, wazee waliosoma chuo miaka ile wakasimama mmoja mmoja, wanazomea kama walivyozomea wakiwa na nywele. Vijana hawakujua jina lile ni la nani, lakini lilikuwa jina tamu kuzomea, nao wakalichukua, na ukumbi mzima ukawa unaliita.

Fundi alilia hadharani, mbele ya wateja wake. Miaka yote hiyo alikuwa akimwombea mdogo wake rehema, na hakuna siku aliyomkumbuka kwa ukaribu hivi. Aliweka mkono tumboni, akainama kama mfalme.

“Zaidi!” alipaza Mpishi. “Mwenzio alikuwa anagusa sakafu!”

“Mwenzangu alikuwa na kiuno,” alisema Fundi, lakini akainama zaidi, akanyoosha vidole. Jezi namba tisa, ambayo haikuwahi kupanuliwa, ikapasuka ubavuni kutoka kwapani mpaka chini, kila mtu akisikia. Hakuinuka. Aliendelea kushuka mpaka akaigusa sakafu.