Gari Lililojibu Mapema

Jumanne saa nane mchana, Nasteho alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha Fielder ya kijivu katika gereji moja ya Lodwar, milango yote minne ikiwa wazi kwa sababu ya joto, akimngoja fundi Levis amalize kubadilisha pedi za breki. Alikuwa ametoka hospitali kung'olewa jino. Kibali chake cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kilikuwa cha siku tatu, nacho kingekwisha siku hiyo saa kumi na mbili jioni. Kila Levis alipoinuka kwenda kutafuta spana, Nasteho alitazama simu.

Gari lilikuwa la Wandera, mtu wa Busia aliyeletwa Turkana kuendesha magari ya serikali. Mkataba uliisha, yeye akabaki kubeba abiria kati ya Lodwar na Kakuma. Karibu na gia palikuwa na kitufe chenye herufi S ambacho alikuwa hajawahi kukigusa, kwa kuwa hakupenda kubonyeza asichokijua.

"Hiyo ni spoti," Levis alimwambia. "Lakini usidanganyike, mzee. Haiongezi nguvu. Injini ni ile ile, farasi ni wale wale."

"Sasa inafanya nini?"

"Inafanya gari isikie haraka. Ukigusa mafuta kidogo, inachukulia umekanyaga sana. Geaboksi nayo inashikilia gia ya chini, haina haraka ya kupanda, ndiyo unasikia injini inapiga kelele. Itakunywa petroli. Lakini mwisho wa mbio ni pale pale." Levis alijifuta mikono kwenye suruali. "Ile kungoja iko kati ya mguu na gari, hiyo ndiyo inapungua. Hakuna kingine."

Nasteho aliyasikia hayo bila kuyatia maanani. Yeye alikuwa akiwaza kizuizi cha polisi.

Waliondoka saa tisa. Mbele aliketi Akiru, mama wa Kiturkana mwenye gunia la samaki wakavu kutoka ziwani, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akifuatilia ploti yake katika ofisi ya ardhi. Mji ulipoisha na lami ikanyooka, Wandera alibonyeza S. Mshale wa mizunguko ulipanda kutoka elfu mbili hadi elfu nne, injini ikanguruma, mwendo ukabaki themanini. Kisha bahasha ya kaki ilichomoza kwenye tundu la hewa baridi mbele ya Akiru, ikaanguka mapajani mwake.

Akiru aliifungua, akampa Nasteho amsomee. Ilikuwa barua ya ile ofisi, yenye tarehe ya Agosti mwaka ujao, ikisema ploti imepewa mtu mwingine.

"Sawa," Akiru alisema. "Hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo. Sasa funga hiyo hewa, samaki inazidi kukauka, inavunjika."

Wandera aliutazama muhuri, akasema Levis hakumwambia habari ya barua. Kitufe alikiacha kimebonyezwa mpaka Kakuma, apime petroli.

Kufikia Ijumaa habari zilikuwa zimeenea kambini na watu walikuwa wamepanga foleni. Wandera aliwachukua watatu watatu mpaka daraja la mto Tarach na kurudi, kitufe kikiwa kimebonyezwa, na kila mtu alishuka na jibu la faili lake mkononi. Nyuon alipata ndiyo ya Alhamisi iliyofuata, akaenda moja kwa moja kununua sanduku. Adeng alipata hapana ya mwaka 2041. Aliikunja ndogo, akarudi kufua nguo alizokuwa ameziloweka. Wenye hapana walikuwa wengi kuliko wenye ndiyo, lakini hakuna aliyemlaumu Wandera, maana nguvu za gari zilikuwa zile zile. Subira huvuta heri, husema watu ambao hawajawahi kuwa na faili.

Nasteho hakwenda kwenye foleni. Alikuwa na kibanda cha chai kando ya barabara hiyo, na gari lilimpita mara kumi kwa siku likinguruma kwa gia ya chini.

Faili lake lilianza alipokuwa na miaka sita. Wiki moja kabla ya watu kuhesabiwa, binti wa Qamar, jirani yao, alikufa kwa surua. Kambini jina halikuondolewa kwenye kadi ya chakula upesi hivyo. Jina lilikuwa unga, na kumpunguzia mfiwa unga lilikuwa jambo la aibu. Basi mama yake Nasteho alimwazima Qamar binti yake kwa siku moja, asimame mahali pa marehemu, wakakubaliana hesabu ijayo arudishwe. Hesabu iliyofuata ilikuja na mashine ya alama za vidole. Nasteho alikuwa kwenye kadi ya Qamar, na vidole vyake vikamfunga hapo. Alipofika miaka kumi na sita, mama yake aliitwa kwenda Kanada pamoja na wote waliokuwa kwenye kadi yake, yaani peke yake. Aliondoka akilia, akiahidi kumwita binti yake baada ya mwaka. Mwaka huo ulikuwa umefika kumi na minne. Watu wa ofisi ya wakimbizi walichukua mate ya Nasteho kwa pamba kuthibitisha damu, wakachukua tena, wakasema faili linaendelea.

Nasteho alimkosa mama yake hata kwa mambo madogo. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba chai imezidi iliki. Akisuka nywele zake mwenyewe alifika kisogoni akachoka, akaiacha mikono pale juu kwa muda, kama kwamba kuna mtu angeipokea.

Jumatatu mama alipiga simu. Alikuwa anahamishiwa nyumba ndogo zaidi, chumba kimoja.

"Mwanangu, kile kitanda chako," alisema. Alikuwa amekinunua mwaka wa pili baada ya kufika, kizuri, cha mbao, na godoro lake lilikuwa bado kwenye nailoni ya dukani. Yeye mwenyewe alilala kwenye kochi lililomuumiza mgongo. "Vyote viwili havitoshi. Niambie ukweli. Nikiweke, ama nikitoe?"

Nasteho aliomba siku moja. Aliogopa, na alijua anachokiogopa. Lakini mama alikuwa ameuliza swali linalotaka jibu, na faili lililoendelea halikuwa jibu.

Kesho yake alifunga kibanda, akaingia kiti cha mbele. Wandera hakumweka na wengine.

"Una uhakika, dada?"

"Bonyeza tu."

Walikuwa hawajafika darajani bahasha ilipoanguka. Barua ilikuwa ya Machi 2033. Ilisema ofisi inasikitika, kwamba uchunguzi umethibitisha Nasteho ni binti wa mwombaji, na kwamba hata hivyo faili limefungwa, kwa kuwa mwombaji alifariki dunia kabla ya uamuzi.

Wandera alikizima kitufe. Injini ilitulia. Alimpeleka mpaka mlango wa ofisi ya wakimbizi.

Ndani alihudumiwa na Makena, karani mpole aliyempa kiti na maji kabla ya kusoma.

"Muhuri ni wetu," Makena alisema. "Sahihi siijui. Pengine huyu hajaajiriwa bado. Lakini barua ni ya 2033, dada. Siwezi kuishughulikia kabla ya tarehe yake."

"Sitaki uishughulikie. Nataka mharakishe, isije ikaandikwa."

"Kuharakisha kunahitaji dharura."

"Mama yangu atakufa. Mmeandika wenyewe."

Makena aliisoma tena yote, kwa kidole, na macho yake yalikuwa mekundu alipoinua uso. "Kwa sasa yuko hai," alisema. "Mtu akiwa hai, fomu haina mahali pa kuandika dharura." Aliigonga barua muhuri wa kupokelewa, akaiweka ndani ya faili, na kumwambia Nasteho kwamba faili linaendelea.

Alirudi kwa miguu. Jua lilikuwa kali, na alilia njia nzima bila kujificha, akiwaitikia waliomsalimu. Alipofika kibandani aliosha uso, akapiga simu. Huko Kanada ilikuwa asubuhi na mapema. Mama aliitika kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Nimekuwa nakungoja. Nikiweke?"

"Kiweke, hooyo. Toa kochi."

"Umepata habari?" Sauti ya mama ilipanda. "Unakuja?"

Nasteho alishika ukingo wa meza.

"Toa nailoni ukilalie wewe," alisema. "Leo. Anza sasa, nikisikia."

Nasteho hakuikata simu. Kisha akasikia vitu vikisukumwa sakafuni, mkasi ukitafutwa kwenye droo, na nailoni ikichanwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine.