Paa Moja

Fridah aliliona kosa hata kabla ya kushuka kwenye bodaboda. Paa lilikuwa moja. Lilianzia juu ya sebule, likapita jikoni, likaenda kukifunika na kile chumba cha nyuma, mabati ya bluu moja kwa moja, bila mwanya wa kupitisha hata mkono. Alimlipa mwenye boda, akasimama getini na mkoba wake. Nyumba mpya kabisa, ambayo yeye na mumewe walikuwa wameingoja miaka mitatu, na hamu ya kuingia ilikuwa imeshamtoka.

Esteti yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Kitale, mahali palipokuwa shamba la mahindi mpaka juzi juzi, na sasa kampuni ilikuwa imepanga nyumba mia na kitu zinazofanana kama mikate ya dukani. Ya kwao ilikuwa namba sitini na nne. Ukiibandua ile namba mlangoni, ungeweza kuingia kwa jirani ukavua viatu bila kujua. Watu wanazisifu nyumba hizi, na hawakosei: maji yapo, barabara ipo, choo kiko ndani. Lakini Fridah hakununua choo cha ndani. Alinunua SQ.

Kwa asiyejua, SQ ni kile chumba kidogo cha mfanyakazi kinachojengwa uani, chenye mlango wake na bafu lake. Kwenye brosha kilisimama peke yake, hatua kumi kutoka jikoni, na kwa ajili ya zile hatua kumi Fridah alimbembeleza mumewe mpaka wakachukua nyumba ya bei ya juu. Mfanyakazi hawakuwa naye, wala hawakufikiria kumwajiri. Chumba kilikuwa cha mama yake, Phelista. Figo za Phelista zilikuwa zimegoma, na kila Jumanne na kila Ijumaa alitolewa kijijini kwake Kamukuywa kuja Kitale kuoshwa damu kwa mashine. Ile safari ilikuwa inammaliza kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwa nini asilale tu kwa bintiye? Anayeuliza hivyo hajakaa na Wabukusu wa rika la Phelista. Kwao, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa bintiye, hali naye meza moja, hampi mkono. Wapo siku hizi waliolegeza. Unawaona harusini wamekumbatiana na wakwe zao wakipigwa picha, na dunia haijaanguka. Phelista hakuwa mmoja wao. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumgusa Mukhisa, mume wa Fridah, wala kulitamka jina lake. Alimwita baba watoto, basi. Mukhisa naye, akimwona mbele njiani kule Kamukuywa, aliingia kwenye mahindi ya watu akangoja mpaka apite. Mwaka mmoja mvua ilimkuta Phelista kwa akina Fridah, Kitale, gari la kurudi likakosekana, na ule usiku akaenda kulala kwa jirani, Rosaline, mtu aliyekuwa hajawahi kumwona hata siku moja.

Sasa zile hatua kumi zilikwenda wapi? Hapo ndipo Fridah alipojichukia. Siku ya kuweka sahihi, Mwihaki, binti wa mauzo, alimuuliza SQ ataifanyia nini. Angeweza kumweleza. Lakini Fridah ni naibu wa mwalimu mkuu, hueleza mambo kutwa nzima kwa watu wasiosikiliza, na siku hiyo hakuwa na nguvu za kuanzisha somo la ukwe kwa binti aliyekuwa akiitazama saa. Akasema ni ya msichana wa kazi. Uongo mdogo, usiomuumiza mtu.

Miezi minane baadaye Mwihaki alipiga simu. Kampuni ilifikiria kuziunganisha SQ na nyumba kubwa, ili wasichana wa kazi wasiwe wananyeshewa wakienda kulala. Je, madam alikuwa na pingamizi? Madam alikuwa wodini, ameshika beseni, mama yake anatapika. Alisema sawa, sawa, ni sawa tu, akakata. Jioni hakukumbuka kama aliongea na mtu. Alikuja kukumbuka leo, getini, akilitazama lile paa.

Gachanja, msimamizi wa ujenzi, alimzungusha nyumba nzima na fomu ya kasoro. Taili moja bafuni ilikuwa na ufa, akaandika. Dirisha la sebule lilikwama, akaandika. Alipiga magoti akachungulia chini ya sinki, mtu mzima na kitambi chake, na huwezi kusema hakuwa makini. Walipofika uani Fridah akamuuliza kama paa linaweza kukatwa, hata futi mbili tu, kati ya jikoni na SQ.

“Hiyo si kasoro, madam,” Gachanja akasema. “Hiyo ndio plani. Na ukikata, garantii imeisha.”

“Ni mama yangu atakaa hapo. Ni mgonjwa.”

“Si basi hapo ni poa zaidi? Hata akikohoa unamsikia.”

Alisema kwa wema, na wema wake ulimchosha Fridah kuliko kama angekuwa mkali. Ile fomu ilikuwa na mistari ishirini ya kuandika makosa ya kampuni, na kosa lililokuwepo lilikuwa la mnunuzi. Akatia sahihi. Akapewa funguo, na kalenda ya kampuni juu yake.

Adhuhuri Mukhisa alifika na kitanda cha mama mkwe juu ya pikapu. Ni afisa wa kilimo wa kaunti, mtu wa maneno machache, lakini macho anayo. Alilitazama paa, kisha akamtazama mkewe, na Fridah akamwambia yote pale pale, simu na beseni na ule uongo. Alitamani agombezwe. Mukhisa hakumgombeza. Alisema atakuwa akilala mjini kwa binamu yake Kevin, siku zote mama akiwapo.

“Hata ukilala Lwakhakha mpakani, Baba Ian, paa ni lako,” Fridah akasema. “Hatakubali.”

“Basi atarudi Kamukuywa.”

Wote wawili walijua maana yake. Daktari alikuwa ameshawaambia, tena kwa lugha nyepesi, kwamba mama huyu akiendelea kusafirishwa hivi, hataifikia Krismasi. Mara tatu alikuwa amezimia njiani. Hata hivyo walikiunga kitanda, wakatandika shuka mpya, wakafungua dirisha harufu ya rangi itoke. Walifanya yote hayo kama watu wanaoandaa chumba cha mgeni wasiyemtarajia.

Saa kumi Walubengo, ndugu yake Phelista, alimleta kutoka hospitalini kwa Probox yake. Mukhisa alipoisikia geti alizunguka nyuma ya tangi la maji akasimama huko, kama adabu ilivyotaka. Fridah alikuwa ametunga maneno. Angesema hizi ni nyumba mbili, mlango huu na mlango ule, fundi ameziba juu kidogo tu kwa sababu ya upepo. Lakini mama yake alishuka akiwa ameshikilia mlango wa gari kwa mikono miwili, uso umemvimba, na yale maneno yakagoma kutoka.

“Mayi, paa ni moja,” akamwambia mama yake. “Kosa ni langu. Walinipigia simu nikakubali bila kusikiliza.”

“Nimeliona toka barabarani.”

Fridah akangoja. Alijua kinachofuata: mjomba ataambiwa ageuze gari. Tayari alikuwa akiipanga Jumanne ijayo kichwani, nani atamtoa mama kitandani alfajiri, nani atamshika kichwa njiani. Phelista hakulitazama paa tena. Alikuwa akizitazama ngazi mbili za mlango wa SQ, kwa muda mrefu, na mwishowe akanyanyua mguu ajaribu. Mguu haukufika. Mjomba alikuwa na fimbo yake na mgongo wake mbovu. Fridah akamshika mama kiunoni, akashindwa.

“Mukhisa yuko wapi?” Phelista akauliza.

Ndani ya miaka ishirini na miwili Fridah hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwa mama yake. Alionyesha tangi kwa kidole.

“Mwite anibebe. Mimi nimechoka, mwanangu. Nataka kulala.”

Mukhisa alikuja polepole, macho chini, akiwa ameivua kofia bila kuambiwa. Akainama. Phelista akaupitisha mkono shingoni mwake kama ambavyo angeupitisha kwa muuguzi yeyote, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Wakapanda ngazi, wakaingia.

Fridah alibaki uani. Lile aliloliombea lilikuwa limetokea, mama yake atalala dakika chache tu kutoka hospitalini, na alipaswa kushukuru. Lakini alimjua mama yake. Mchungaji alishindwa kumbadilisha, daktari alishindwa, na yeye mwenyewe alishindwa kwa machozi. Leo hakuna aliyembadilisha. Alikuwa tu hana tena nguvu za kukataa, na mtu kama Phelista, akiishiwa na nguvu hizo, hana nyingine alizoziweka akiba.

Mukhisa alitoka, akauvuta mlango taratibu. Alisimama kando ya mkewe akiitazama mikono yake.

“Hana uzito, Mama Ian,” akasema. “Hana uzito kabisa.”

“Najua,” Fridah akasema, akaingia jikoni kumtafutia mama maji ya kunawa.