Picha ya Salvina Kwenye Disketi

Wenseslaus aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa jani lenye kiwavi. Ukubwa ulikuwa kama alivyoagiza, wa kujaza fremu na kuonekana tangu benchi la mwisho. Ila uso uliokuwemo haukuwa uso. Ulikuwa vimraba vya kahawia na vyeusi vilivyopangwa kama vigae vya bafuni.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Si ndiye mama, baba," alijibu Eunike, binti wa studio pale mjini Moshi.

"Mke wangu hakuwa na pembe nne usoni."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Jumamosi ilikuwa misa ya mwaka ya Salvina, nyumbani kwao Uru, pale pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, alikozikwa katikati ya migomba. Padri alishakubali kuja. Kilichokosekana ni picha ya kuweka mezani. Ile ya harusi ilikuwa imeliwa na ukungu, upande wa bibi harusi tu. Bwana harusi alibaki mzima akitazama hewa. Ndipo binti yao Justina akapiga simu kutoka Dar: amemwona mama yake kwenye tovuti ya kikundi cha kahawa, kasimama kwenye mashine ya kumenyea, anacheka. Eunike aliitoa huko, nayo ilikuwa ndogo kama kiberiti. Akaitanua.

"Picha ya kompyuta ni nukta, baba," alieleza. "Hii ya tovuti waliipunguza ili ifunguke upesi. Ukiitanua, nukta haziongezeki, zinanenepa tu. Kubwa yenyewe iko kwa aliyepiga."

"Kwa hiyo kubwa wamebaki nayo wao."

"Eh, itakuwa kwao."

Wenseslaus hakuhitaji maelezo zaidi. Lini wao hawakubaki na kubwa? Ushirika ulipoyumba, viongozi walitoka na nyumba za vigae, wakulima wakatoka na magunia matupu. Wakaja wanunuzi binafsi, na watu wale wale wakabadilisha kofia na kuitwa kikundi. Siku Salvina alipozidiwa, gari la kikundi lilikuwa huko mji wa Mkuu kwenye semina, akateremshwa hadi barabara kuu kwenye kitanda, wanaume wanne wakipokezana kwenye utelezi. Semina ya nini, hadi leo hajaambiwa. Na kilabuni kwenye mbege watu walikuwa wanasema sura za watu wa Uru zimebandikwa kwenye makopo ya kahawa huko Ulaya. Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Alipanda moja kwa moja hadi ofisi ya kikundi. Katibu, Basili, alikuwa peke yake, akipangusa vumbi kwenye kompyuta kwa kitambaa cha kufumwa.

"Shikamoo, Meku," alisema, kama wazee wa Uru wanavyoitwa kwa heshima. "Karibu."

"Marahaba. Nimemfuata mke wangu."

Basili alibaki na kitambaa mkononi. Alipoelezwa alivuta pumzi, akaketi, akabonyeza hapa na pale. Kioo kikajaa Salvina.

Wenseslaus alisahau maneno aliyokuja nayo. Ilikuwepo alama ya moto chini ya kidevu. Ilikuwepo hereni ya kulia, na ya kushoto haikuwepo. Ndiyo siku ile ilipodondoka, wakaitafuta kwenye maganda ya kahawa mpaka magoti yakauma. Meno yake yalionekana moja moja. Basili alisogeza picha, akaukuza uso, nao haukuvunjika vimraba.

"Naituma kwa imeili," alisema Basili. "Binti wa studio ataipata leo hii."

"Itapita wapi?"

"Kwenye waya, Meku."

"Na huko njiani anaishika nani?"

"Haishikwi na mtu."

"Na gari la kikundi siku ile lilishikwa na nani?"

Basili aliinamisha macho. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo za gari siku ile, na wote wawili walijua.

"Nipe mkononi," alisema Wenseslaus. "Niondoke nayo."

"Mkononi nina disketi tu, na picha ni kubwa, haiingii. Njoo kesho, nitaazima mashine ya kuchomea sidii."

Kesho! Hilo neno Wenseslaus alilijua kuliko wao walivyolijua. Kesho mbolea, kesho malipo, kesho gari.

"Hakuna kesho. Ipunguze iingie."

"Itapoteza kidogo."

Wenseslaus alitazama kioo. Mkungu wa ndizi ukiwa mkubwa hivyo, ukikata kichane kimoja cha chini ili uingie kapuni, bado si mkungu? "Punguza," alisema.

Kompyuta ilimpa Basili chaguo tatu: ndogo, ya kati, kubwa. Mzee alikuwa anampumulia shingoni. Akabonyeza ndogo, iingie bila ubishi. Disketi ikakoroma. Basili akaifungua picha humo ndani kuhakikisha, na Salvina akajaa tena kioo, anacheka vile vile. Kwa macho ya Wenseslaus hakuna kilichopungua.

"Sasa futa ya kwako."

"Meku, tuiache. Disketi hizi huharibika."

"Muiache, mumbandike kwenye makopo?"

"Makopo gani tena?"

"Futa, Basili. Hamkumbeba alipokuwa mgonjwa, hamtamuuza akiwa marehemu."

Basili aligeukia kompyuta. Akafuta.

"Imekwenda wapi?"

"Kwenye pipa la taka, hapa pembeni ya kioo."

"Pipani si mtu anaokota?"

Basili alitaka kucheka, akaacha. Akalimwaga na pipa.

"Na kwenye kamera?"

"Kamera ilishafutwa zamani, tukapigia mkutano mkuu."

Wenseslaus aliifunga disketi kwenye mfuko wa nailoni, akaitia mfuko wa shati, akashuka hadi mjini ameigandamiza kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alikuwa amewanyang'anya kitu.

Eunike aliifungua, akatazama namba zilizoandikwa chini, akamtazama mzee.

"Baba, hii ni nukta mia sita arobaini kwa mia nne themanini."

"Ni nyingi?"

"Kwa tovuti zinatosha na kubaki. Kwa karatasi ni chache. Kwenye kioo huwezi kujua, kioo chenyewe hakihitaji nyingi. Kwa fremu yako itakuwa vigae tena."

"Kanichezea! Nilijua!"

Eunike alipiga simu kwa Basili. Alisikiliza, akaitikia "eh" mara tatu, akaweka simu taratibu.

"Anasema aliipunguza kwa sababu ulitaka iingie. Ile kubwa ulimwambia afute, na pipa likamwagwa."

"Nyie wawili mnafahamiana?"

"Moshi hii nani hafahamiani, baba?"

Wenseslaus alitafuta wa kumlaumu. Alimtazama binti, akaitazama printa, akaitazama disketi. Kisha akakaa kwenye kiti cha wanaopigwa picha za pasipoti, mbele ya pazia la buluu.

"Ichape kwa ukubwa ambao bado atabaki yeye," alisema mwishowe.

Eunike alinyoosha kiganja chake. "Inaishia hapa."

Wenseslaus alisimama akiinamia printa mpaka karatasi ikatoka yote, akahakikisha imetoka moja tu, akaondoka na disketi yake.

Jumamosi fremu kubwa ilikaa mezani chini ya migomba, na katikati ya ule weupe mwingi alikuwepo Salvina, sawa na kiganja cha binti. Kwenye mabenchi hakuna aliyemwona. Justina aliyefika asubuhi na basi alisema, "Baba, mbona mama amekuwa mdogo hivi?"

"Wameipunguza," alisema Wenseslaus, akiisogeza fremu ukingoni mwa meza.

Baada ya misa watu walilazimika kupita mmoja mmoja, wakiinama kama wanaonong'onezwa. Basili alikuwa miongoni mwao. Aliinama muda mrefu hadi wa nyuma yake wakakohoa. Wenseslaus akamsogelea.

"Unatafuta nini humo?"

"Kidole, Meku. Alikuwa amekifunga kitambaa, cha shahada, mkono wa kulia. Kwenye ile kubwa kilionekana."

Wenseslaus hakukiona siku ile. Alikuwa amekazia macho uso tu. Sasa aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo cha fremu. Mwisho wa mkono palikuwa na weupe kidogo. Huenda ni kitambaa, huenda ni mwanga wa mashine, huenda Basili anatunga ili apendwe. Pa kwenda kuangalia hapakuwepo tena, na aliyeamuru pafutwe alikuwa yeye mwenyewe, amesimama hapo ndani ya koti lake la kanisani.

Justina alikuwa amesimama nyuma yao. "Kidole gani?" aliuliza.

Wenseslaus alijinyoosha, mkono kiunoni.

"Mweleze," alimwambia Basili. "Yote uliyoyaona. Ila usiongeze."