Mkono wa Fundi Saa

"...wanaukata, Mama, mnara wanaukata! Kesho saa nne asubuhi, na mimi ndiye wa kwanza kujua! Mama, uko wapi?"

Basi ndivyo alivyoingia Chiriku, viatu mkononi, mkoba unaning'inia shingoni, pumzi juujuu. Jina hilo alipewa nyumbani tangu hajaota meno, na chuo cha utangazaji kikamwongezea cheti juu yake. Habari haijawahi kulala tumboni mwake, na leo alikuwa nayo ya kumpasua tumbo. Kituo cha redio alichosomea taarifa za habari miaka miwili, pale pale nyuma ya ukuta wa nyumba yao, kimenunuliwa. Vipindi vyote vitaletwa na kompyuta kutoka makao makuu. Watangazaji asanteni, kwaherini. Mnara ukauzwe chuma chakavu.

Mama hakuitika. Sebule tupu, jikoni sufuria imefunikwa. Chiriku akafungua mdomo aite tena, mdomo ukabaki wazi.

Ti-ti-taa. Ti. Taa-ti.

Sauti ilitoka chumba cha nyuma, cha marehemu baba yake. Chumba hicho, kwa alivyojua yeye, hakijafunguliwa tangu mazishi, miezi saba sasa. Nywele zikamsimama. Maana si kwamba mtu alikuwa anagonga tu. Aliyegonga alikuwa Baba.

Baba alikuwa fundi mitambo wa kituo, na akitoka kazini alikuwa anakimbilia redio yake mwenyewe, ya kuongea na watu wa mbali kwa milio ya ti fupi na taa ndefu, herufi moja moja, kwa mapenzi tu. Alimfundisha Chiriku akiwa na miaka sita. Akamfundisha na hili: kila mgongaji ana mkono wake, kama mtu na mwendo wake kwenye ngazi, huwezi kuuficha. Mkono wa Baba ulikuwa na kigugumizi kidogo kabla ya taa ya mwisho. Na kigugumizi kile kile, hivi sasa, kilikuwa nyuma ya mlango.

"Baba?" akasema, akajiona mjinga, akausukuma.

Alikuwa Mama, amekaa kwenye kiti cha Baba, hedifoni juu ya kilemba.

"Funga mlango, unaniingizia kelele."

"Mama! Si wewe uliyekuwa unaiita hii redio mke mwenzio?"

"Mke mwenza ukikaa naye chumba cha pili miaka thelathini, unajua mpaka anavyokohoa. Kaa chini, usiniangalie hivyo, sijawa kichaa."

Akaeleza huku macho yake yakiwa kwenye saa. Wiki ya mazishi aliingia kufunika mitambo isipate vumbi. Ilikuwa saa kumi jioni, na Fundi Saa alikuwa anaita. Chiriku alimjua Fundi Saa, nani asiyemjua? Mtengeneza saa wa nchi ya mbali, rafiki wa Baba wa kila siku saa kumi, miaka kumi na tisa, na hawajawahi kuonana uso kwa uso.

"Alikuwa anaita, anaita. Nikasema nimjibu tu kwamba mwenzake hayupo. Mkono ukagonga: nipo. Tangu siku hiyo mimi ndiye baba yako, wewe ukiwa kazini."

"Unamdanganya mzee wa watu!"

"Namdanganya?" Mama akachomoa waya wa hedifoni, sauti ikajaa chumbani. "Haya, msomi. Sikiliza."

Chiriku akasikiliza. Fundi Saa alikuwa anagonga sawasawa kama saa zake, hakosei. Huyu alikuwa anaharakisha, anajikwaa, anarudia.

"Mama, huyu siye."

"Siye. Mwezi wa pili baada ya mazishi alinyamaza siku tatu. Ya nne akarudi na mkono mwingine, maneno yale yale. Mvua, goti linauma."

"Goti la nani?"

"La marehemu, nadhani. Mimi nami namwambia habari za mgongo wa baba yako."

Kila siku, saa ile ile, wafu wawili wanaulizana goti na mgongo, walio hai wamewaazima mikono.

"Ulikuwa unapiga kelele wanakata nini?" Mama akauliza.

Chiriku akajuta kuwa na habari, labda mara ya kwanza maishani. Antena ya Baba ilifungwa kwenye mnara wa kituo.

"Mnara, Mama. Kesho."

Mkono wa Mama ukaanguka mapajani. "Basi leo ndiyo mwisho."

"Muage."

"Nimuage kama nani? Nikimuaga kama baba yako, namzika mara ya pili. Na huyo wa huko atamzika wake."

Akageukia meza. Halafu akagonga, haraka, kwa hasira, bila kigugumizi, mkono wa mwanamke anayekata vitunguu: *Mimi siye. Alifariki miezi saba iliyopita. Mimi ni mkewe.*

Redio ikabaki inafoka foo kama mvua ya mbali.

Kisha, polepole: *Najua. Mimi ni binti wa Fundi Saa. Baba aliniambia kabla hajafa: anayegonga si rafiki yangu, nadhani ni mkewe, usimwache peke yake.*

Mama akaziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Akakaa hivyo mpaka redio ikauliza: *Upo?*

"Wewe," akamwambia Chiriku, "waya unaweza kufungwa wapi kwingine?"

"Kwenye tangi la maji. Hautafika mbali kama wa mnara, ila..."

"Panda. Lazima ufike."

Chiriku alikuwa tayari ana mguu mmoja dirishani. Nyuma yake Mama aliinamia meza, akagonga: *Nipo, mwanangu. Kesho saa kumi. Nitakueleza alivyokufa wangu, na wewe utanieleza wako.*